Jioni Tuliyomwita Nyanya Yangu Roret

Mimi si mtu wa kutulia. Nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye. Hata sasa nikiandika haya kwenye meza ya jikoni, hapa Roret, kijijini kwa mume wangu, nimeshasimama mara kadhaa kuchungulia sufuria ambayo najua haina kitu. Mume wangu husema nina pilipili kwenye nyayo. Mama yake, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniita mtu wa masanduku tangu wiki ya kwanza niliyoingia kwake, na jina likashika.

Sikumkatalia. Nilizaliwa Kericho mjini, nyuma ya duka la vipuri la baba yangu, katika familia ya Wapakistani ambayo mtaa mzima uliiita ya Wahindi. Tulisahihisha watu mpaka tukachoka. Nyumbani tuliongea Kipunjabi, lakini nje ilikuwa Kiswahili. Hicho ndicho nilichorukia kamba, nikatukanwa nacho, nami nikajifunza kurudisha matusi. Halafu duka likafa, na nyanya yangu mzaa baba akafariki mwaka huohuo, na baba akatukusanya sote na kutupandisha ndege kwenda Lahore. Akatuambia tunarudi kwetu. Ala! Mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kufika?

Huko Lahore nililala chumba kimoja na binamu zangu, na walikuwa wananicheka nikifungua mdomo, eti naongea kama msafiri aliyepotea stesheni. Basi nikaufunga mdomo nikaanza kuandika. Niliandika hadithi kwa Kiswahili, kwa sababu moja tu: nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kuzisoma ila baba, na baba hakuwa na muda. Shangazi yangu alidhani nafanya hesabu. Raha iliyoje! Unamsengenya mtu mbele ya macho yake, kwa herufi kubwa, na yeye anakuletea chai na kukuombea dua ufaulu mtihani. Wengine wanasema waliitwa na sanaa. Mimi niliingia kwenye uandishi kwa njia ya umbea.

Hesabu nazo nilizipenda kweli. Chuo kikuu nilisoma takwimu, kisha nikaingia hii kazi inayoitwa sayansi ya data, ambayo kwa lugha ya kawaida ni kuifundisha kompyuta isome yaliyopita ili ikisie yajayo. Nikafanya kazi benki, Karachi. Nikachoka. Nikaenda Dubai, kampuni iliyotaka kujua mapema ni nani atanunua tikiti ya ndege. Nilikuwa mzuri sana kwa kazi hiyo, kwa sababu mtu wa kununua tikiti namjua: ni mimi. Na kila mji niliofika, sanduku langu sikulimaliza kulifungua. Nilitoa nguo za juu nikazitundika. Za chini zikabaki humo humo, zimekunjwa, zikingoja safari.

Hadithi zangu za chumbani zilikuja kuwa kitabu, kikachapishwa Nairobi. Nilikuja kukizindua, nikapanda gari nikafika Kericho kutazama tu pale palipokuwa duka letu. Palikuwa saluni. Nilisimama nje nikinusa ile harufu ya chai inayokaushwa, inayoingia mjini kutoka viwandani. Kampuni moja ya chai ilikuwa inatafuta mtu wa data. Nikatuma maombi jioni hiyohiyo, kabla akili haijanirudia.

Kazi yenyewe ni hii: kukisia majani mabichi ya wiki ijayo. Chai ikishachumwa haingoji mtu. Kiwanda kinataka kujua mapema kitume malori mangapi na wapi, la sivyo majani yanapata joto na kuharibika ndani ya magunia. Nachukua mvua, joto, picha za setilaiti, mavuno ya miaka iliyopita, naipa kompyuta itafune. Inakisia vizuri, mpaka ije mvua ya mawe. Na huku mvua ya mawe ni jambo la kawaida kama salamu. Asubuhi jua, alasiri mawe yanapiga mabati mpaka husikii aliye kando yako, na shamba lililokuwa kijani linabaki vijiti. Hapo modeli yangu ya kukisia inaniaibisha na mimi nasonya ofisini peke yangu.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Nilimpata kwa ugomvi. Alikisoma kitabu changu, akanitafuta mpaka ofisini kuniambia kuwa hadithi ya mwisho imeharakishwa, kana kwamba aliyeiandika alikuwa na gari la kuwahi. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikamtafuta mimi tena nimwambie kwamba hajui kitu, na hivyo ndivyo tulivyoishia kuoana. Baba yangu, Lahore, alikasirika akakata simu, na simu ikabaki imekatwa. Ililia tena siku mtoto alipozaliwa. Hakunisalimu. Aliniambia tu, "Weka simu kwenye sikio lake," akamwadhinia mjukuu wake kutoka huko. Nililia mpaka nesi akadhani kidonda cha upasuaji kimefunguka.

Sasa mtoto huyu, binti yetu, alikuwa analia. Si kulia kwa kawaida. Alilia akiwa ameshiba, akiwa mkavu, akiwa mgongoni, akiwa amelala. Daktari alimpima akasema ni mzima kabisa. Mimi nilimtazama nikajiona mwenyewe. Anataka kuondoka huyu, nikasema moyoni, na hajajua bado aende wapi.

Bosi wangu wa zamani akaniandikia kutoka Dubai. Ananitaka tena. Nyumba ipo, na pahali pa kulelea mtoto papo, jibu tu kufikia Ijumaa. Miguu ikaanza kuwasha hapohapo. Nikamwambia mume wangu tutaenda, mimi na mtoto tutangulie, yeye atafuata shule zikifungwa. Akasema, "Utaamua wewe." Katika nyumba hii hilo neno maana yake ni hapana, ila ni hapana isiyokuzuia mlango. Tulijua wote wawili kwamba hatafuata. Shamba, mama, wanafunzi wake wa kidato cha nne, atamwachia nani?

Mama mkwe alikuwa hapo mlangoni akichambua maharagwe. Hakuinua uso. Akasema, "Huyu mtoto hajaitwa bado."

Nilijua anasema nini, maana nimekulia huku. Kwa Wakipsigis mtoto mchanga hapewi jina la wazee vivi hivi. Kina mama wanakaa naye, wanaita majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja moja, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Sherehe hiyo huitwa kurenet. Ya kwetu ilikuwa imecheleweshwa na upasuaji wangu. Mama mkwe ni mtu wa kanisa, anaongoza kwaya, na haoni shida yoyote hapo. "Analia kwa sababu hakuna aliyemjua," akasema. "Aitwe kwanza. Ukitaka kwenda, uende na mtu anayejulikana."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikasema sawa.

Walikuja shangazi wawili wa mume wangu, dada za marehemu baba yake, jioni ng'ombe wakiwa wamekamuliwa. Tukakaa chumba cha mbele. Mama mkwe alimpakata mtoto na kufungua kikopo kidogo cha ugoro. Nilishtuka, akanituliza kwa mkono: ni harufu tu, kwenye ncha ya kidole, mbali na pua. Hapo ubongo wangu wa kazini ukaamka. Mtoto mwenye mafua kidogo, harufu ya ugoro, majina mengi: lazima atapiga chafya wakati fulani, na jina litakalokuwa mdomoni wakati huo litakuwa limebahatika tu. Nilitaka kuuliza majina yanaitwa kwa mpangilio gani. Mume wangu aliniona nikivuta pumzi, akanitolea jicho. Thubutu, lilisema lile jicho.

Wakaita. Mama wa marehemu baba mkwe. Kimya. Dada yake. Kimya. Mtoto aliwakodolea macho, na ajabu ni kwamba alikuwa hajalia hata kidogo. Wakaenda nyuma zaidi, wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwaona hapo. Kimya. Shangazi mkubwa akataja mmoja, mdogo akasema huyo mbona yu hai, juzi alikuwa sokoni. Wakabishana, wakacheka, wakaendelea. Kisha majina yakaanza kuwa haba.

Nami nikagundua kwamba silicheki tena jambo hili. Kwani hawamtaki? Wote hao, ukoo mzima, hakuna hata mmoja aliyemwona mwanangu anafaa? Niliona aibu na hasira pamoja, kama mtu aliyempeleka mtoto shule mpya akarudishwa langoni. Nikasema moyoni, basi, sawa, tumesikia. Dubai hawamuulizi mtu chafya. Nilishaanza kupanga maneno ya kumjibu bosi.

Mama mkwe akanigeukia. "Na kwenu? Wanawake wenu waliofariki ni akina nani?"

"Hao wa mbali hivyo watasikia kweli?" akauliza shangazi mdogo, si kwa ubaya.

"Nyanya yangu hayuko mbali," nikasema, na sauti yangu ikatoka na ukali ambao sikuupanga. "Amezikwa Kericho. Makaburi ya Waislamu."

Mama mkwe akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni amekaa nje kwake siku nzima bila kukaribishwa. "Yuko hapa Kericho? Miaka yote hiyo? Na hukuniambia?"

Sikujua kama ni jambo la kuambiwa mtu. Basi nikawaambia. Kwamba aliletwa Kericho akiwa bibi harusi, hajui neno la hapa hata moja. Kwamba alikuja kukaa kaunta ya duka la vipuri, akiuza mikanda ya feni na kugombana na madereva wa malori kwa Kiswahili chake kilichovunjika, na wakimkasirisha sana anawapa chai ili awe na nafasi ya kuendelea kuwagombeza. Kwamba akiwa msichana alikuwa amehamishwa kijiji hadi kijiji, India ilipogawanywa, amebeba mdogo wake mgongoni. Na kwamba alipougua, baba alitaka kumpeleka Lahore akatibiwe, naye akakataa. Alisema, "Mimi nimehama vya kutosha. Niacheni hapa hapa." Tukamwacha. Sisi ndio tulioondoka.

Shangazi mkubwa akasema "Woi," polepole.

Mama mkwe akauliza jina lake. Nikamwambia. Akalijaribu, likamponyoka, akalijaribu tena, na tena, kwa taratibu ile anayofundishia kwaya, mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Halafu nikaona vidole vyake vikirudi kwenye kikopo. Si ncha ya kidole safari hii. Alichota. Akapeleka mkono karibu na pua ya mtoto, karibu kuliko alivyofanya kwa watu wake wote, na akaita jina la nyanya yangu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

Binti yangu akapiga chafya. Akapiga na ya pili.

Vigelegele! Shangazi walisimama, mmoja akamkumbatia mume wangu, mwingine akanishika kichwa akanitemea mate ya baraka kifuani. Maziwa ya kibuyu yakamiminwa. Mimi nilikuwa nimekaa na mdomo wazi. Nilikuwa nimeona. Kwenye kazi yangu, mtu akilisaidia jaribio namna ile anafukuzwa, na mimi ndiye ningeandika barua. Nikamtazama mama mkwe. Naye akanitazama, sawasawa machoni, hana hata haya.

"Amefika nyumbani, nyanya yako," akasema. "Na si umesema mwenyewe amehama vya kutosha?"

Nililia. Nililia vibaya, kwa kwikwi, na makamasi, mbele ya watu, mimi ambaye Lahore sikuwahi kuwapa binamu zangu raha hiyo. Nilimkumbuka kwenye kaunta yake. Nilikumbuka dirisha la ndege, nikiwa mtoto, na jinsi nilivyotafuta chini kule alipolala.

Mtoto hakuacha kulia, msidanganyike. Kesho yake alianza kabla ya jogoo. Lakini nilipokuwa nampakata niliona nimeanza kumwita kwa lile jina, na kumgombeza kwa Kipunjabi jinsi nyanya alivyowagombeza madereva.

Ijumaa nilimjibu bosi. Nilimshukuru, nikamwambia hapana. Nikaketi pale jikoni miguu ikiniwasha mpaka nikaikanyaga mmoja juu ya mwingine. Bado inawasha. Sidhani kama itaacha.

Mama mkwe aliingia kuchukua maji. Nikashindwa kujizuia. "Mama, ule ugoro wa mwisho ulikuwa mwingi."

Hakukana. Alijaza jagi lake taratibu. "Kericho ni mbali kidogo," akasema. "Nilitaka asikie."

Alipofika mlangoni akageuka, akaniuliza kama lile sanduku lililo chini ya kitanda changu lina kazi. Viazi vyake vya mbegu vimetoka Londiani, na panya wanamsumbua stoo.

Nikaenda nikalivuta. Nikatoa nguo zote, mpaka zile za chini.