Watu Wawili Mdomoni

Fundi makochi huyu watu wa mtaani walimwita Misumari, na si kwa ubaya. Tangu ujana wake alifanya kazi na misumari midogo imejaa mdomoni. Anausukuma mmoja kwa ulimi, nyundo yenye sumaku inaudaka midomoni, tak, umeshazama kwenye mbao. Mteja akija na maneno mengi, Misumari anamwonyesha mdomo: umejaa, sijibu. Ilikuwa kinga nzuri dhidi ya walimwengu. Ila siku dada yake mkubwa alipokuja kibandani na neno lake, misumari ilikuwa imemwishia.

"Nyumba ya baba yetu inaandikwa majina ya wajukuu," dada mtu alisema, amesimama katikati ya makochi yaliyovuliwa vitambaa. "Huyu wako, samahani ndugu yangu, hana pua yetu, hana kisigino chetu. Apimwe, tuondoe maneno."

Huyu wako alikuwepo palepale, anakata sponji. Binti mtu mzima, fundi kamili, wateja wanamwita Fundi Mdogo. Akaweka kisu chini. "Tupimwe tu, shangazi. Hata kesho. Sivyo, Baba?"

Misumari akasema sawa. Angesemaje? Akikataa, kamwaga mtama mwenyewe. Lakini jibu la kipimo hicho alikuwa nalo tangu binti hajazaliwa. Alimwoa mama yake akiwa na mimba ya mtu aliyeingia mitini. Alioa huku akijua, macho yake mawili wazi, na yeye na mkewe wakaapa kwamba hilo litazikwa nao. Mke alishatangulia. Amebaki yeye, na sasa wanataka kumchokonoa kwa kijiti cha pamba.

Nyumba haikumnyima usingizi. Nyumba ni matofali. Aliogopa jambo moja dogo ambalo wewe pengine utalicheka: kwamba majibu yakisomwa, binti atamtazama, atafungua mdomo amwite Baba, halafu atasita. Basi, kusita tu. Akiliwaza hilo aliacha kazi, akaketi kwenye kochi la mteja.

Maabara ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mpimaji, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole, aliwaeleza walipokwenda kupangiwa siku. "Hatutoi damu. Tunasugua pamba ndani ya shavu. Mtoto huchukua nusu ya alama zake kwa mama, nusu kwa baba. Kama ni wako, mzee, zitaonekana. Ila siku hiyo msiweke kitu mdomoni kabla ya kuja, hasa kitu kilichopita kwa mtu mwingine. Mtaniletea vinasaba vya watu nisiowajua."

Siku yenyewe walipitia kibandani kwanza, kuna kiti kilikuwa kinasubiriwa. Binti alikuwa anagonga, Misumari ameduwaa na roho yake mkononi. "Malizia upande huu, Baba, mkono umenichoka." Binti akatema misumari yake kiganjani, akamtia baba yake mdomoni kama anayemlisha mgonjwa. Kwa hofu aliyokuwa nayo, angemtia hata kokoto angepokea. Akagonga mpaka mwisho, akatema uliobaki, wakavuka barabara kwenda kusuguliwa mashavu.

Siku za kungoja zilimtesa. Alishona kitambaa cha kochi, maua yakiwa miguu juu. Simu ikilia, anajigonga kidole. Binti naye alipungua maneno, na Misumari alipomwona anamtazama kwa pembeni, alijua tu: tayari ananihisi.

Mpimaji alipopiga simu, alimwita peke yake. Misumari alivuka barabara bila kuangalia magari.

"Mzee," mpimaji alisema, "mdomoni mwako kuna watu wawili."

"Wawili?"

"Wewe na mwanamke mmoja. Na huyo mwanamke alama zake ndizo za binti yako, moja baada ya nyingine. Sampuli imechafuka, haitupi jibu. Itabidi turudie. Uliweka nini mdomoni?"

Kwanza alipumua kama mtu aliyeopolewa majini. Kisha ikamjia. Ile misumari. Tangu binti aliposhika nyundo, sheria ya kibanda ilikuwa moja: kila mtu na misumari ya mdomo wake. Hakuwahi kuivunja, isipokuwa asubuhi ile. Kafanya makusudi. Na kama kafanya makusudi, basi anajua. Hapo hofu ikamrudia, mara hii mbaya kuliko ya kwanza.

Alimkuta kibandani, mdomo umejaa, anagonga. Misumari akamkingia kiganja chini ya kidevu, kama alivyofanya zamani mtoto huyu alipookota vitu na kuvitia mdomoni. Binti akaitema yote.

"Nani alikuambia?"

"Mama. Alipokuwa anaumwa." Akafuta kidevu kwa mkono. "Nilidhani wewe hujui, Baba. Nilidhani ukijua utaniona mtoto wa mtu. Shangazi aliposema tupimwe, nikawahi kukubali, usije ukaona ninavyoogopa."

"Mimi nilikujua kabla hujaota hiyo pua," Misumari alisema, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Kivuli kikaingia mlangoni. Dada mtu, na kibegi chake kwapani. "Nasikia maabara wamekuita. Majibu vipi?"

Mkononi Misumari alikuwa na misumari iliyolowa mate. Mkono ulishaanza kupanda kwenda mdomoni, kwa mazoea. Akaushusha, akaimwaga yote mezani.

"Kipimo hakirudiwi, dada. Damu si yangu. Mtoto ni wangu. Jina lake andikeni au msiandike, hilo mtajua wenyewe." Hakuthubutu kugeuka kumtazama binti.

Nyuma yake akasikia kitambaa cha kochi kikiburuzwa.

"Baba, nishikie hapa," binti akasema. "Kitambaa kinateleza."

Misumari akaenda kukishika.