Mama Giza Hawashi Taa

Wagonjwa wa kliniki ya macho wamempachika jina Mama Giza. Ni mpima macho, mama wa makamo, mfupi, sauti yake ya chini lakini haipindi. Kabla hajapima anazima taa na kuvuta pazia. Mwanga ukipenya chini ya mlango, anaziba kwa koti lake. Foleni hunung'unika, wakubwa wamemhamisha chumba mara mbili, naye huhama na pazia lake.

Nilimpeleka mama mkwe, fundi cherehani. Jioni alikuwa akiona taa zimevaa maduara ya rangi, na kichwa kikimgonga upande mmoja. Kawaida ya pale, muuguzi hupita kwenye benchi akiwatia wote dawa ya kupanua mboni, foleni iende mbio. Alipomfikia mama mkwe, Mama Giza akatoka na kuichukua ile chupa.

"Huyu bado. Sijaiona pembe ya jicho lake, pale maji ya ndani yanapopitia."

"Ilipimwa hapa mwezi uliopita, ikakutwa wazi," msimamizi wa kliniki akasema. "Dada, watu wamejaa."

"Ilipimwa taa ikiwaka. Kwenye mwanga mboni hunywea, pembe ikajifanya iko wazi. Ikiwa nyembamba, dawa hii itaifunga kabisa, na jicho litakufa."

"Na nikikuamuru?"

"Basi mtie wewe, mkuu, kwa mkono wako." Akamnyooshea chupa. Msimamizi akarudi nyuma hatua moja.

Niliingia nao, mwanangu mgongoni. Mama Giza akamtia mama mkwe dawa ya ganzi jichoni, kisha akatoa kioo kidogo chenye vioo vingine ndani yake.

"Dude hilo liingie jichoni mwangu?" mama mkwe akauliza.

"Linagusa tu, mama. Ndani ya jicho kuna maji, si machozi. Hutoka kupitia ile pembe, kama maji ya sinki. Nataka kuona kama njia imeziba."

"Haya. Ila ukinichoma, nami nina sindano nyumbani."

Mama Giza akacheka. Akazungusha kioo polepole. Mwanangu alikoroma.

"Imefunga pande zote." Akakandamiza kidogo. "Inaachia. Haijagandana. Tumewahi."

Mlangoni, msimamizi akasema daktari wa leza atamwona wiki ijayo.

"Leo," Mama Giza akajibu, akamshika mama mkwe mkono, wakapita katikati ya foleni.

"Bibi mmoja anatusimamisha wote," mzee mmoja akalalamika.

Mama mkwe akageuka. "Jicho ni langu, baba. Kama una haraka, kapimwe sokoni."

Daktari alimtoboa katundu kadogo jichoni kwa mwanga wa leza, maji yakapata njia. Alipotoka, aliziba jicho la pili kwa kiganja, akatukodolea lile lililotibiwa. Nikamgeuzia mgongo amwone mtoto.

"Kuna ukungu," akasema. "Lakini mjukuu wangu umemvisha soksi mbili tofauti, na hilo tutaliongea nyumbani."