Unga Juu ya Pikipiki ya Marehemu

Nilianza kuusikia mlio. Mkavu, wa kukohoakohoa, mlio wa injini za zamani zile za kuchanganya petroli na oili kwenye tenki moja. Ulitoka nyuma ya nyumba yangu, bandani. Nikadhani kuna mtu anaichezea ile pikipiki. Halafu nikatazama mikono yangu. Pistoni yake nilikuwa nayo mimi, barazani, kwenye sahani ya mafuta ya taa, naisugua kwa mswaki mkuukuu.

Sasa niambie wewe: injini isiyo na pistoni inawakaje?

Usidhani ni hadithi niliyookota kwenye basi la Masasi. Nilikuwepo. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havikunjiki mpaka leo, na ukifika Nachingwea uliza nyumba yangu, nitakuonyesha.

Mimi hufufua pikipiki kuukuu. Hiyo si kazi ya kunilisha, ni ugonjwa. Wenzangu wananunua mpya, wanapakia abiria. Mimi nakusanya vyuma vilivyolaliwa na kuku, nakwangua kutu, natafuta kabureta mpaka Lindi, hadi siku chombo kikohoe na kucheka tena. Mke wangu, mama Anjela, husema, "Ungekuwa unanipaka mimi rangi kama unavyoyapaka hayo matenki, ningekuwa bibi harusi kila mwezi."

Hii ya bandani aliileta Damas, mtu wa Nambilanje, imefungwa turubai, msimu wa korosho ulipokwisha.

"Ya marehemu baba, mzee Kaspar," aliniambia. "Ilikuwa chini ya kihenge tangu nikiwa mdogo, na mzee hakutaka iguswe. Sasa hayupo. Fundi, nataka Pasaka niingie nayo kanisani. Watanikoma!"

Kwetu huku chombo cha marehemu hakifunguliwi hivi hivi. Unaweka kiganja cha unga wa mtama juu yake, unamtaja mwenyewe kwa jina, unamwomba ruhusa, kisha unakwenda kulala. Asubuhi unga ukiwa umetulia kama ulivyoumimina, unashika spana. Baba yangu alifanya hivyo hata kwa cherehani. Nami nikamimina unga kwenye kiti, nikasema, "Mzee Kaspar, mwanao ameniletea chombo chako nikitengeneze. Niruhusu."

Asubuhi unga ulikuwa ukutani. Haukumwagika, ulitupwa. Alama za vidole zilionekana pale kwenye matofali, na banda nilikuwa nimelifunga kwa kufuli. Nikarudia. Ukatupwa tena. Tamaa ya chuma ikanishinda, nikashika spana hivyo hivyo.

Halafu likaja suala la tenki. Lilikuwa na mikato mirefu, myembamba. Damas alisema mzee aliwahi kuanguka kwenye mawe. Nikaziba kwa puti, nikapiga msasa mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto. Kulipokucha mikato ilikuwa wazi, kingo zake zikimetameta kana kwamba bati limekatwa jana. Niamini, jiwe halikati hivyo. Mkato wa panga naujua.

Mama Anjela alisimama mlangoni, akautazama ule unga ukutani. "Uliyemwita si mwenyewe," akasema.

Ndiyo maana nikampigia Damas simu: njoo uniambie pikipiki hii ilikuwa ya nani. Akaja alasiri, mvua ikipiga bati, akajikung'uta maji huku anacheka.

"Fundi mzima unaogopa chuma? Shemeji, huyu mumeo umempa chai kweli leo?"

Ndipo ule mlio ukaanza, na kicheko cha Damas kikakatika katikati.

Tukazunguka nyumba. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Juu ya pikipiki, juu ya fremu isiyo na injini kamili, alikaa mwanamume. Alivaa helmeti ya zamani isiyo na kioo, kamba yake ikining'inia. Tope jekundu lilimchuruzika, na kutoka shingoni mpaka begani alikuwa amefunguka, kama gogo lililopigwa shoka likakataa kupasuka. Damu haikuwepo. Ndani ya lile jeraha mlikuwa na udongo.

"Nani huyo Kaspar anayeitwa kwenye kiti changu?" akauliza.

Hakuniuliza mimi. Alimtazama Damas.

Aliposhuka, mlio haukuzima. Akautoa mnyororo niliokuwa nimeuloweka kwenye beseni la oili, akauzungusha kiganjani, akampiga Damas nao usoni. Nilisikia taya likivunjika. Unaijua sauti ya muhogo mkavu unapovunjwa gotini? Ile ile. Damas akaanguka katikati ya nati na boliti, akatema meno.

"Ya nani?" yule mtu akauliza.

"Ya baba," Damas akasema.

Mnyororo ukashuka mgongoni, shati likachanika pamoja na ngozi.

"Ya nani?"

"Ya baba yangu! Ya baba!"

Nikaurukia ule mnyororo, nikaukamata kwa mkono wa kushoto. Ungefanyaje wewe? Mgeni wako anauawa ndani ya banda lako. Akauvuta mara moja tu. Vidole vyangu vikaingia katikati ya pingili vikasagika, nami nikatupwa juu ya meza ya kazi, mbavu zikagonga jiliwa la kubania vyuma. Nilipofungua macho alikuwa amemwinua Damas kwa shingo, anamgonga kichwa kwenye tenki, pale pale kwenye mikato, tena na tena, bila haraka, kama mtu anayetwanga mpunga wa watu wengi.

Mama Anjela alikuwa mlangoni, kalowa chapachapa. Hakukimbia. Alipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake.

"Mtaje! We Damas, mtaje mwenyewe! Atakuua!"

Damas alijaribu, damu ikamziba. Akakohoa.

"Beda," akasema. "Beda Liundi, wa Chunyu. Baba alimkata panga, akiitaka pikipiki yake. Yuko chini ya kihenge." Halafu akalia kama mtoto. "Nilishika taa. Nilikuwa mdogo, baba akaniambia nishike taa, nikashika."

Mnyororo ukaanguka sakafuni.

Mke wangu akapita katikati yetu, akachota unga uliobaki kwenye kopo, akaumimina juu ya kiti. "Beda Liundi," akasema, "chombo chako hiki."

Yule mtu aliutazama ule unga kwa muda mrefu. Hakuna chembe iliyotikisika.

"Mama yangu hafungi mlango," akasema taratibu. "Mwambieni afunge."

Mlio ukazima. Ikabaki mvua tu, na tope jekundu kwenye kiti kisicho na mtu.

Hospitali tulisema ni ajali ya pikipiki. Daktari akapitisha kidole chake kwenye alama za pingili mgongoni kwa Damas, kisha akaandika tulivyosema. Kihenge kilibomolewa, Beda akafukuliwa mbele ya polisi na padri, akazikwa kwao Chunyu. Pistoni niliirudisha kwa mkono mmoja. Niliziba tenki kwa puti, na puti ikashika. Kiki moja, ikawaka. Lakini mpaka leo mvua ikinyesha alasiri mimi huyauliza macho yangu kwanza kama yameona, ndipo niamini sikio.

Kwa hiyo wewe unayependa vyuma vya zamani, ukiletewa chombo cha marehemu usiulize kwanza kama kinawaka. Uliza jina. Anayekuletea akisitasita, mwambie akisukume arudi nacho alikotoka.

Pikipiki tuliipeleka kwa mama yake Beda. Damas alishikilia kuja nasi, taya limefungwa kwa waya. Mlango wa bibi ulikuwa wa mbao, umezuiwa na jiwe ili usijifunge, na jiwe lilikuwa limekaa hapo miaka mingi mpaka limezama nusu ardhini. Usiku na mchana, majirani walisema, mwanawe asije akakuta pamefungwa.

Nikampa maneno ya mwanawe. Alipapasa tenki, kisha akakaa kwenye mkeka. Damas akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, bibi," akasema kwa meno yaliyobanwa.

"Wewe ulijua," bibi akasema.

Damas akainamisha kichwa.

"Sokoni unaniamkia. Shikamoo bibi, shikamoo bibi. Nami naitikia." Akamtazama mpaka Damas akainua uso. "Leo siitikii. Toka."

Damas akainuka, akavuka kizingiti akiwa ameshikilia taya lake. Mimi nilikuwa bado ndani. Bibi akaweka mguu wake mkavu kwenye jiwe, akalisukuma mara ya kwanza likakataa, akalisukuma tena likang'oka na udongo wake, na mlango ukajifunga nyuma ya Damas.