Siku Niliyoshika Kamba ya Fahali wa Wapinzani

Nakumbuka Jumamosi moja ya mapigano ya mafahali, mjukuu wangu, nilipokuwa na umri kama wako na kichwa kigumu kuliko kisiki. Fahali wa kijiji chetu alizidiwa, akageuka kukimbia. Huku Kakamega fahali akikimbia ameshindwa. Unameza aibu yako na kwenda nyumbani. Mimi niliingia uwanjani nikamchapa fimbo fahali aliyeshinda, jambo ambalo hata mtoto anajua ni mwiko. Ngoma za isukuti zikanyamaza, mawe yakaanza kuruka, na moja lililotoka mkononi mwangu likampasua kichwa Shikuku, kijana wa kijiji cha pili. Hasira hasara, lakini nani angeniambia nikasikia?

Shikuku alishonwa kwenye zahanati akapona. Ila ndugu zake waliapa kwamba Jumamosi itakayofuata ningetolewa uwanjani nikiwa maiti. Nami nikanoa panga. Mama aliliona, akashinda siku mbili bila kula.

Habari zikamfikia naibu wa chifu wetu. Angeweza kungoja damu imwagike ndipo alete polisi. Wako wanaofanya hivyo mpaka leo, nami siwasifu. Yeye alikuja kwetu Jumatano mchana pamoja na liguru, yule mzee wa kijiji, na nyuma yao alikuwa Shikuku mwenyewe, kichwa kimefungwa bendeji. Mama akatuandalia obusuma, ugali wetu, na mboga. Tulikula bila kutazamana.

"Nyinyi mnapendanga fujo kwa sababu hakuna mtu amewapa kazi," akasema naibu wa chifu. "Jumamosi wewe utashika kamba ya fahali wao. Shikuku atashika ya wenu. Na hiyo panga, leta hapa."

Nilitaka kukataa. Nikamwangalia mama, nikaenda kuileta.

"Na nikigeuka, utanipiga tena?" Shikuku akauliza.

"Sikupigi. Nisamehe, ndugu yangu."

Siku hiyo ilipofika, nilimwongoza fahali wao mbele ya ndugu zake Shikuku. Hakuna aliyeinua jiwe. Nani angelirusha karibu na fahali wake mwenyewe? Baadaye afisa wa mifugo akatuchukua sote wawili, akatufundisha kutibu wanyama, kazi iliyomsomesha baba yako.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Sawa, lakini wenye mafahali wanakaa! Mama yangu alipofariki, Shikuku alishika jembe kuchimba kaburi kabla ya watu wa ukoo wetu kufika. Nilimshukuru nikilia, na naibu wa chifu namshukuru mpaka leo.

Sasa nasikia ofisi ya wadi imewaita vijana kesho, na wewe umekataa kwenda kwa sababu yule mliyepigana naye kwenye mechi atakuwepo. Mwanangu, hiyo ndiyo sababu ya kwenda. Nenda, ukae karibu naye, na ukipewa kazi ishike kwa mikono miwili. Nao wenye ofisi waambie babu amesema usipoziba ufa utajenga ukuta: waende kwa vijana mapema, waende na kazi, wawakutanishe mahasimu mezani.

Mungu akupe mtu wa kukuwahi kabla hujaua, kama mimi nilivyowahiwa, na siku atakapobisha hodi, akupe moyo wa kumfungulia mlango.