Bambo la Mke Wangu

Marehemu mke wangu alifanya kazi forodhani, kwenye banda la nafaka. Kazi yake ilikuwa kuipa kila nafaka namba yake ya ushuru. Mimi sikusoma, nilidhani mchele ni mchele. Alinicheka.

"Mume wangu, mpunga una namba yake, mchele mweupe yake, chenga yake. Ukikosea namba, umeiba au umeibiwa."

Mdogo wangu alikuwa mfanyabiashara. Akaingiza mzigo wa mchele, karatasi zikasema ni chenga tupu, ule uliovunjikavunjika, maana ushuru wa chenga ni mwepesi. Akaja kwetu, mdomo umejaa asali.

"Shemeji, kesho bambo lako lisizame sana. Juu juu tu."

"Kwani chini kuna nini? Umefuga nyoka?"

Akacheka peke yake.

Bambo ni kile chuma chenye mfereji, wanachochomea gunia kutoa sampuli. Kesho yake mke wangu akalizamisha mpaka kitako cha gunia. Juu chenga. Chini mchele mzima, mrefu, unang'aa. Akaupa namba ya mchele mweupe. Mdogo wangu akatozwa ushuru wote, na faini juu.

Tangu hapo hakukanyaga kwetu. Dada zetu wakamfuata. Mke wangu wakamwita Bi Bambo. Akiingia kwao, maongezi yanakatika.

Kisha tumbo likamlaza. Akaniambia, "Niitie shemeji. Sitaki kuondoka na kinyongo cha mtu."

Nikaenda. Nikamkuta barazani anakata kucha.

"Kaka, mwambie anipime kwanza. Mimi mzima au chenga?"

"Mdogo wangu, mgonjwa anakuita."

"Nimesikia."

Akaendelea na kucha zake.

Nikarudi. Mke wangu akanitazama usoni. Akageukia ukutani. Wiki ile ile akaenda zake.

Mazikoni mdogo wangu alilia kuliko wote. Alishikwa huku na huku. "Shemeji yangu! Mtu mkweli!" Wakampepea, wakampa maji. Mimi mfiwa nimesimama kando, hata pole hazinifikii.

Mjomba akanisogelea. "Mpe mkono mwenzio. Ndugu mwovu, heri kuwa naye."

"Mkono huo aliutaka aliyelala pale, mjomba. Hakupewa."

Nikatia mikono yangu mfukoni, mbele ya watu wote. Wanasema nina moyo wa jiwe. Waseme. Mdogo wangu siku hizi hubisha hodi kwangu. Namsikia. Sifungui.