Ua wa Mwatumu Haung'oki

Umande bado haujakauka, na nyuma ya nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la kijiji cha Kwedigongo, wilayani Handeni, mchi unatwanga kwa hasira. Ni Mwatumu Mhina, anaponda vigae vya vyungu vilivyovunjika ili avichanganye na udongo mbichi.

Anasikika, haonekani. Ua mrefu wa mabua uliofungwa kwa kamba za mkonge unamficha, na mwandishi wa habari hizi, kwa kuwa ni mwanamume, ameamriwa abaki nje.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye kigoda, usisogee! Habari huandikwa kwa masikio, macho ya nini?"

Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake. Mwanamke wa Kizigua hafinyangi mbele ya wanaume, na chungu kibichi kikitazamwa na mwanamume hupasuka motoni. Ukimbishia atakwambia nenda kafinyange chako, tukione.

Ua huo ndio uliomgombanisha na wakubwa wa kijiji.

Mwatumu na wenzake walipohamia hapa mwaka 1974 kutoka vitongoji vya upande wa Sindeni, walikuta viwanja vimepimwa kwa kamba, nyumba zimepangwa mistari kama mkonge shambani. Mwatumu hana ugomvi na hilo. Shule iko karibu, zahanati inajengwa, na bomba analisifu waziwazi.

"Nimebeba maji kichwani tangu sijaota meno ya utu uzima," anasema. "Mtu akiniletea bomba nitamtukana? Nina wazimu?"

Ugomvi ulianza mwaka huu, halmashauri ya kijiji ilipopitisha kanuni mbili kwa mkupuo. Ya kwanza: marufuku ua kati ya nyumba na nyumba, kwa sababu ua ni ubinafsi na wajamaa hawafichani. Ya pili: kila kaya itoe mchango wa bomba shilingi kumi, na yenye ua itoe ishirini mpaka iubomoe.

Mwatumu alipeleka kumi yake siku ileile. Katibu wa kijiji, Ndugu Bonaventura, akamwambia imebaki kumi nyingine.

"Nikamuuliza, hiyo ya pili ni ya maji gani? Ua wangu unakunywa?"

Watu waliokuwa ofisini walicheka. Katibu hakucheka. Kesho yake mlinzi wa bomba akaambiwa ndoo ya Mwatumu isijazwe.

Basi akarudi mtoni, mwendo wa karibu saa nzima kwenda na kurudi, na udongo hautaki mzaha na maji. Mtungi mmoja anauuza shilingi tano mnadani Korogwe, tena ukifika mzima. Kwa mitungi hiyo amelea watoto wanne tangu mumewe afariki. Bila ua hafinyangi, na asipofinyanga hali. Hapo ndipo mambo yaliposimama.

"Walidhani nitachoka," anasema, na mchi unatua kwa nguvu zaidi. "Thubutu!"

Wiki tatu zilizopita, katibu alikuja mwenyewe na mgambo mwenye panga. Mgambo huyo ni Mdoe, mtoto wa kaka yake Mwatumu. Vyungu vibichi vilikuwa vimepangwa ndani ya ua, vinakauka taratibu kivulini. Mdoe alifika mlangoni, akasimama.

"Shangazi, umeanika?"

"Nimeanika, mwanangu."

Mdoe akashusha panga. Akamwambia katibu kwamba yeye hapo haingii, wamfunge wakitaka, maana hata mama yake mzazi hatampa chakula akisikia.

Ndugu Bonaventura alizaliwa kwenye kambi za mkonge Korogwe, baba yake alikuja kutoka mbali kukata mkonge, na mambo ya miiko ya Wazigua aliyaona upuuzi mtupu. Akalichukua panga mwenyewe. Akakata kamba, akaangusha upande mzima wa ua, akaenda zake akijifuta jasho.

Kufikia alasiri upepo mkavu ulikuwa umevipasua vyungu vilivyokuwa karibu na upande ulioanguka, na mbuzi wamevimaliza vilivyobaki. Hakikupona hata kimoja.

Lakini katibu alikosea jambo moja, na hakuwa na wa kumuuliza. Mavuno yalikuwa yanakaribia, na vyungu vile havikuwa vya mnada. Vilikuwa vya wanawake wa kijiji chenyewe, waliokwisha kuviagiza na kuvilipia, kimoja kikiwa cha mke wake mwenyewe.

"Ala! Nilikuwa nasubiri mtungi wangu tangu kiangazi," anasema jirani, Grasiana, ambaye baba yake naye alikuja kukata mkonge na ambaye Kizigua amekijulia ukubwani. "Nilipoona mbuzi wanatembea juu yake, nililia kwa hasira. Halafu nikaenda kuvunja mabua."

Hakwenda peke yake. Kesho yake, jua likichomoza, wanawake walikuja mmojammoja, kila mmoja na mzigo wa mabua kichwani. Hakuna aliyeitisha mkutano. Adhuhuri ua ulikuwa umesimama tena, mrefu kuliko wa kwanza, na upana umeongezwa ubavuni.

Mkutano wa kijiji ulipofika, Mwatumu alisimama bila kupewa nafasi.

"Mmesema ua wa mtu mmoja ni ubinafsi. Haya, nimekubali. Sasa mle ndani tunafinyanga wanawake sita, kuni zetu moja, tanuri letu moja, na fedha tunagawana. Huo ni ua wa nani?"

"Wetu!" wakaitika wanawake.

Ndugu Bonaventura, alipoulizwa na mwandishi, alisema kanuni ni kanuni na halmashauri italiamua suala hilo Ijumaa. Alisema hivyo akiwa ameinamisha uso. Majirani wanasema siku hizi anajipikia uji mwenyewe.

Mwatumu haisubiri Ijumaa. Anataka kikundi chao kiandikishwe kama kazi ya kijiji, lori la kijiji liwapelekee mitungi Korogwe, na ndoo yake ijazwe kama za wenzake kwa kumi aliyokwisha kuitoa. Shilingi ya kumi na moja, anasema, hawataiona.

Na wakija tena na panga?

Mchi unanyamaza. Mkono uliojaa udongo unatokeza juu ya mabua na kuonyesha chini, kwenye vijiti vya kijani vilivyochomekwa mstari mmoja kuuzunguka ua wote.

"Hiyo ni minyaa, tumeipanda juzi," anasema. "Waje tu. Mabua ukiyakata yamekwisha. Mnyaa ukiukata unachipua pande mbili."