Nimeikosoa Picha ya Mchumba Wangu, Sasa Ataka Niseme Ni Nzuri

Bwana Mhariri, nifichie jina langu, ila maneno yangu yaache kama yalivyo. Nanyi wasomaji wa ukurasa huu, hamjambo. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, Mkristo, mwenyeji wa huku Kisauni, nashona nguo kwa cherehani nyumbani kwetu. Nina mchumba, karani bandarini, na tumeshatangazwa kanisani mara mbili. Imebaki ya tatu. Padri wetu huja mwezi kwa mwezi, kwa hiyo nina wiki chache za kuamua, nami nimechoka kuamua peke yangu.

Kisa chenyewe ni picha. Kaka yangu alirudi vitani na kamera ya kisanduku, akanifundisha, na sasa tunaitumia sote wawili. Wako na wenzetu wengine wenye kamera, makarani, mwalimu mmoja, dereva wa lori wa Miritini. Hakuna anayekula kwa kazi hiyo, ni mapenzi tu. Kila Jumapili ibada ikiisha tunakaa barazani kwetu kutazama picha tulizosafishiwa mjini. Hapo zamani tulikuwa tukisifiana tu, fulani hodari, fulani hana mfano, na picha zikazidi kuharibika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kaka akaweka desturi: picha zinachanganywa, zinalazwa kifudifudi mkekani, mtu anafunua moja na kuisema bila kujua ni ya nani. Ataje kizuri kwanza, kisha kasoro, na mwenye picha asijitaje mpaka msemaji amalize. Hakuna kununiana. Mchumba wangu alikuwa wa kwanza kuipenda desturi hiyo. Za kwangu amezikosoa sana, na mimi nikicheka na kujifunza.

Jumapili moja mama yake, mavyaa wangu wa kesho, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mwakirunge, akakaa na mama yangu pale mlangoni. Zamu yangu ilipofika nikafunua picha ya nyumba mpya ya mabati. Bati lilimeta hata misumari ungeihesabu. Mbele ya mlango palikuwa na mwanamke ameketi kitini, mdogo, kivuli cha upenu kimemmeza. Nikaisifu nyumba ilivyonyooka. Kisha nikasema, "Aliyepiga picha hii kapenda mabati kuliko mtu. Mama wa watu kavaa, kapendeza, na uso wake hauonekani. Angemsogeza mbele kidogo, jua limpate."

Mchumba wangu akasimama akasema huyo ni mama yake.

Haki ya Mungu sikumjua. Mwanamke ninayemwamkia shikamoo tangu nilipoposwa, na pichani sikumjua! Sasa hiyo si ndiyo kasoro niliyokuwa nikiisema? Niliona haya kwa ajili yake yeye mama, nikamwomba radhi palepale. Akaiomba picha, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga, mwisho akasema polepole, "Mwanangu, huyu hasemi uongo. Nimejitafuta humu sijioni."

Tangu siku hiyo mchumba wangu amekuwa moto. Ati nimemtahayarisha mbele ya wanaume wenzake, ati nimemtukania mama, ati nimemgeuza mama ampinge mwanawe. Nilimuuliza tusi liko wapi, hakunionyesha. Amemtuma shangazi yake na masharti. Kabla ya tangazo la tatu nisimame barazani, niseme picha ile ni nzuri na mimi ndiye niliyekosea. Na nikishaolewa, kamera nimwachie kaka. "Mke wangu hatakaa akisahihisha wanaume." Ndivyo alivyosema, na shangazi mtu akalifikisha neno bila kulipunguza. Mama yangu analia, aniambia mwanamke ni kumeza, niseme neno moja yaishe. Jirani zetu wasema wachumba hawaokotwi njiani.

Mimi nampenda, sifichi. Hanywi, hana ukali wa bure, na akicheka nasahau nilikuwa nikisema nini. Kumwomba radhi kwa kuwa ameumia niko tayari, nimeshamwomba na nitarudia. Lakini kusema picha mbaya ni nzuri ili niolewe, hapana. Leo nitaikana picha, kesho nitaambiwa mchana ni usiku, nami nitakuwa nimeshazoea kuitikia. Desturi ilikuwa njema alipokuwa akizifunua za kwangu, ikawa mbaya nilipoifunua ya kwake. Hilo silikubali, liwalo na liwe.

Juzi mama yake alikuja mwenyewe, kwa miguu. Akaniambia macho yake yanaingia ukungu, na kabla hayajafunga kabisa ataka auone uso wake kwenye picha, na wajukuu waje waujue. Ataka nimpige mimi. Nikamuuliza, na mwanao je? Akanijibu, "Mwanangu nimemzaa mimi. Wewe piga." Mchumba kasikia, akaleta neno siku ya pili: nikimpiga mama yake picha, tangazo la tatu halitasomwa.

Basi nishaurini, wake kwa waume, na hasa ninyi mama mlio na wana. Nikimkatalia mzee huyu, huenda macho yakafunga hajajiona. Nikimkubalia, huenda nikabaki na cherehani yangu. Nifanye nini? Semeni msinionee haya, kukosolewa nimezoea. Ila fanyeni upesi, maana mama yake anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi jua likiwa bado zuri, na filamu nimeshaitia.